Mita Moja kwa Ploti Nzima

Sijui Mama Ploti alizaliwa wapi wala lini, na sikuwahi kumwuliza. Nilipomjua alikuwa tayari mtu mzima, mjane mwenye miguu mizito na sauti nyembamba, na alikuwa na ploti ya vyumba vya kupangisha pale Shirere, Kakamega. Siku niliyokwenda kutafuta chumba, kitu cha kwanza alichonionyesha hakikuwa chumba. Alinipeleka kwenye ukuta wa nje wa sebule yake, akanionyesha mita ya stima.

"Unaona hii kisahani?" akasema, akigonga kioo kwa ukucha. "Ikitembea pole pole, sisi wote ni watu wazuri. Ikikimbia, kuna mtu kwa hii ploti si mzuri, na mimi nitamjua."

Mimi nilikuwa nimetoka Mautuma, kwenye shamba la mahindi la wazazi wangu, ambako taa ilikuwa koroboi na pasi ilikuwa ya makaa. Nilikuwa nimekuja mjini kuuza mitumba. Kilichonivuta pale ni kwamba kila chumba kilikuwa na balbu na soketi, na msichana anayeuza nguo anahitaji pasi kama mwalimu anavyohitaji chaki. Nikalipa, nikaingiza godoro langu. Sikujua kwamba nimepanga chumba chenye soketi ya kutazama tu.

Miaka ile ya katikati ya tisini, ploti nyingi za Kakamega zilikuwa na mita moja. Nyaya zilitoka hapo zikaenda vyumba vyote, na bili ikija inagawanywa sawa kwa sawa. Ugomvi wake haukuwa na mwisho. Mwenye redio alimlaumu mwenye pasi, mwenye pasi akamlaumu mwenye televisheni, na asiyekuwa na kitu aliwalaumu wote. Wenye ploti waliochoka na kelele hizo waliweka mita ndogo kila mlango, amani ikarudi. Mama Ploti hakutaka kusikia. Mwanawe wa pekee, aliyekuwa na kazi Nairobi, alimsihi kila alipokuja nyumbani Krismasi, na kila Krismasi walinuniana mpaka mgeni aingie. Niseme mapema, msije mkadhani nawasimulia habari za mwanamke bahili. Hakuipigania mita yake moja kwa sababu ya bili. Alijua kwamba siku kila mlango utakapopata mita yake, yeye atabaki peke yake katika ploti iliyojaa watu.

Lakini bili pia aliipiga vita, jamani, na aliipiga kwa mikono miwili.

Tulimwita Mama Swichi akiwa hayupo. Nadhani alijua. Kila jioni alifunga leso kiunoni akapita uani taratibu, na hakubisha mlango wa mtu. Alisimama nje akasema na ukuta.

"Karani, umekaa wapi?"

Karani alikuwa kijana wa afisi za serikali, mwenye mashati meupe na vyumba viwili, mtu mwenye adabu sana. "Niko hapa mezani, Mama."

"Na ile taa ya kwa kitanda inaangalia nani?"

Taa ya chumba cha kulala ikazimika. Mama Ploti akaendelea na safari yake mpaka chooni, huko mwisho wa ua.

"Nani ako choo?" Kimya. "Nauliza, nani ako choo?" Kimya tena. "Basi kama hakuna mtu, hiyo taa inajisaidia?"

Tulicheka vyumbani mwetu tukiwa tumeziba midomo, na huku tukicheka kila mmoja alikuwa akitazama juu kuona kama balbu yake ina sababu ya kuwaka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwanzoni nilikasirika. Nilijisemea kwamba nimelipa, na taa ni yangu. Wiki chache baadaye nikajikuta nimesimama mlangoni mwa Karani nikimwuliza taa yake inaangalia nani. Ugonjwa wake ulikuwa wa kuambukiza.

Alikuwa na msemo wake juu ya taa. Sote tunajua kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Ploti alisema taa ni mgeni, nayo ipewe jembe. Kwa hiyo ilikuwa mwiko kuketi chini ya taa yake mikono mitupu. Baada ya chakula cha jioni tulizima vyumba vyetu, tukaingia sebuleni kwake. Huko kulikuwa na tyubu moja ndefu nyeupe, ambayo alisema inakula kidogo kuliko balbu na inaona mbali zaidi. Kila Krismasi kuta zilipakwa chokaa, kwa maana ukuta mchafu unameza mwanga. Jumamosi alipanda stuli akaipangusa ile tyubu kwa kitambaa kikavu kama anayempangusa mtoto pua. Na kando ya mlango palikuwa na sinia la maharagwe au mahindi ya kupukuchua, likimngoja yeyote aliyekuja kutazama habari bila kazi yake.

Nimemwona Karani, na shati lake jeupe na kalamu mfukoni, akichambua maharagwe ya watu huku msomaji wa habari akieleza mambo ya Bunge. Nimemwona Fundi, aliyetengeneza redio na aliyeishi na mkewe chumba cha kona, amefungua matumbo ya redio kwenye gazeti, na Mama Ploti amemshikia tochi bila kuombwa. Mimi nilishona vifungo. Shati la mtumba lisilo na kifungo ni bei nyingine, na lenye vifungo vyote ni bei nyingine. Biashara yangu yote ilisimama pale sebuleni, sindano mkononi, katikati ya watu ambao hawakuwa ndugu zangu na ambao hata leo nawaota.

Habari zikiisha, televisheni ilizimwa kule ukutani, si kwenye kidude chake tu. Hapo mbele palikuwa na kitaa chekundu kilichobaki kikiwaka hata picha zikizimika, na kile kilimkera kuliko mwizi.

"Hiyo jicho inakulanga stima tukilala," alisema. "Mtu halali na jicho wazi. Zima."

Sasa niwaambie juu ya pasi, kwa sababu hapo ndipo mimi na yeye tulipogombana.

Pasi ya ploti ilikuwa moja, yake, na ilichomekwa jioni ya Jumapili tu. Kila mtu alileta nguo zake za wiki, tukaketi kwa zamu, lakini zamu haikuwa ya watu. Ilikuwa ya vitambaa. Pasi ikianza kupata joto, zinaingia nailoni na zile blauzi za kuteleza. Ikikolea, pamba. Ikiwaka sawasawa, suruali za jinzi na sare za shule za drili. Kisha Mama Ploti anaichomoa, na kwa ule moto uliobaki tunamalizia vilemba, leso za mkononi na vitambaa vya viti. Kwa hiyo suti ya Karani ilikaa juu ya gauni la mke wa Fundi, na gauni likakaa juu ya nguo zangu za kuuza. Hakukuwa na siri ya nguo katika ploti ile. Tulijua shati la nani limechakaa shingo, na bila neno mtu mmoja aliligeuza kola akalishona upya.

Mimi nilitaka pasi kila siku. Nikamwambia wazi, mbele ya watu, kwamba mitumba isiyopigwa pasi ni matambara, na kwamba ananizibia riziki. Mama Ploti akasimama, akachukua suruali moja kutoka kwenye fungu langu. Akainyunyizia maji kwa vidole, akainyoosha kwa viganja, akafuata mkunjo wake mpaka chini. Akaenda nayo hadi chumbani kwangu, nami nyuma yake nikiwa bado nimefura. Akainua godoro, akailaza pale.

"Lalia," akasema.

"Mama, mimi si pasi."

"Wewe ni mzito kuliko pasi, mukhana. Lalia."

Mukhana ni binti, kwa lugha yetu. Aliniita hivyo kwa mara ya kwanza siku ile ya ugomvi, na hakuniita jina lingine tena. Asubuhi suruali ile ilikuwa na mkunjo wa kukata kidole. Tangu hapo nililala juu ya suruali za watu wasiojulikana, na wateja sokoni walinisifu kwamba nguo zangu zimenyooka. Pasi ya Jumapili nikaiachia kola na marinda.

Karani naye alikuwa na jaribu lake. Alinunua koili ya kupikia, ile ya waya unaogeuka mwekundu, akaificha chini ya kitanda. Sote tulijua. Kila ilipochomekwa, tyubu ya sebuleni ilipepesa jicho, na Mama Ploti aliinua uso, akasema, "Karani amechemsha chai," kisha akaendelea na kazi yake. Alimwacha. Alikuwa akingoja aibu imfundishe mwenyewe.

Ikamfundisha. Mnajua mvua za Kakamega, zile za alasiri, zinazokuja na radi ya kupasua miti. Ngurumo ya kwanza tu, Mama Ploti alikimbilia swichi kubwa akakata stima ya ploti yote. Siku hiyo Karani alikuwa ameteleka maharagwe kwenye koili. Stima ilipokatwa, koili ikapoa, chumba kikatulia, na Karani akafunga mlango akaenda mazoezi ya kwaya kanisani. Akasahau kabisa kwamba chombo kisicho na moto kinaweza bado kuwa kimechomekwa. Mvua ikakatika. Mama Ploti akarudisha swichi, kisha akasimama mbele ya mita kama kawaida yake, kuona kisahani kinaamkaje.

"Inakimbia!" akapiga kelele. "Hakuna mtu amewasha kitu, na inakimbia!"

Tukatoka wote. Harufu ya maharagwe yanayoungua ilikuwa imeanza kutoka chini ya mlango wa Karani. Mama Ploti akakata swichi tena, akaleta stuli yake, akaiweka mbele ya mlango ule, akaketi. Sisi tukaketi kwenye baraza. Hakuna aliyeruhusiwa kuwasha kitu. Karani akatokea langoni jioni akiimba sauti ya tatu, ametanua kifua, akatukuta tumekaa kama watu wa matanga.

"Karani," Mama Ploti akasema kwa upole, "mgeni wako amepika bila wewe."

Nilidhani atamfukuza. Badala yake alingoja afungue, akaangalia sufuria jeusi, akatingisha kichwa. Kisha akaingia kwake akatoka na sahani ya obusuma, ugali wetu, na mboga za kunde, akampa mbele yetu sote. "Kula. Na kesho usifichange njaa yako chini ya kitanda. Njaa inaletwanga kwangu." Karani alikula amesimama, machozi yakimlengalenga, nasi tukijifanya kuangalia mawingu. Koili hatukuiona tena.

Ndiyo maana nasema hakuwa bahili, au kama alikuwa bahili, ubahili wake ulikuwa na mahali pake na haukutoka hapo. Stima aliibana, lakini chai yake ilikuwa maziwa matupu, na sukari aliimimina mpaka kijiko kikasimama. Mwanawe alimletea friji kutoka Nairobi, friji nyeupe nzuri, akaiweka sebuleni akaichomeka yeye mwenyewe kwa fahari. Alipokuja Krismasi iliyofuata akaifungua kutafuta maji baridi. Akakuta unga wa mahindi, vikombe vya wageni na vitabu vya nyimbo.

"Mama! Hii ni nini sasa?"

"Ni kabati," akajibu. "Kabati nzuri sana. Panya hawaingiangi."

Baba yake Fundi alipofariki, jamaa zao walikesha pale uani kabla ya kumpeleka Malava kuzikwa. Mama Ploti alimwita Fundi kando, akamwambia avute waya kutoka sebuleni na atundike balbu kila pembe. Ploti iling'aa hata watu wa barabarani wakasimama kutazama. Mimi niliyezoea kuzima nilinyoosha mkono kuelekea balbu ya chooni, akaupiga ule mkono.

"Wacha. Msiba haipimwangi na mita." Na bili ya wakati ule, sijui ilikuwa ya namna gani, kwa sababu hakutuambia habari zake hata kidogo.

Siku aliyoniambia kilichomsumbua, tulikuwa wawili tu, mchana, tunapukuchua mahindi. Mwanawe alikuwa ameondoka asubuhi ile baada ya kugombana naye tena juu ya mita. Mama Ploti alikuwa akiyavunja magunzi kwa nguvu isiyohitajika.

"Mukhana, unadhani naogopa bili?"

"Kila mtu anaogopa bili, Mama."

"Bili ni karatasi. Inakuja, inaenda." Akasukuma sinia pembeni. "Kijana yangu anasema kila mtu akuwe na mita yake, aweke friji yake, aweke televisheni yake, mimi nipumzike. Sawa. Sasa niambie. Mtu akiwa na mita yake, atakujanga kwa nyumba yangu kufanya nini?"

Nikamwambia watu watakuja kumsalimu.

"Kusalimu ni kwa mlango," akasema. "Mtu anasalimu, anaenda. Mimi nataka mtu aketi."

Akalivuta sinia lake, tukaendelea. Nilikuwa na umri ambao mtu anaona upweke ni ugonjwa wa wengine, kwa hiyo nilimhurumia kidogo tu, kisha nikafikiria soko. Leo ningempa jibu lingine, lakini leo hayupo pale wa kupewa.

Mimi ndiye niliyetangulia kuondoka. Niliolewa Matete, nikafungua kibanda cha nguo pale sokoni. Siku ya kuhama alinisindikiza mpaka langoni, akanipa kuku aliyefungwa miguu. Akaniambia, "Ukifika kwako, usiketi giza eti unabana stima. Mimi nilikuwa nawafundisha kubana ili mkae pamoja. Ukiwa na mtu wako, washa." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Habari za yaliyofuata nilizipata kwa Fundi, ambaye baadaye alirudi kwao Malava akafungua duka la redio kando ya barabara. Alisema Mama Ploti alianguka kutoka kwenye stuli akipangusa tyubu, akavunjika nyonga. Alilazwa muda mrefu. Mwanawe akaja, na kwa nia njema kabisa, sina shaka na hilo, akaleta mafundi. Mama Ploti aliporudi na fimbo yake, alikuta visanduku vya mita vimepangwa ukutani, kila kimoja na nambari ya mlango. Fundi alisema mama aliviangalia kimoja kimoja, akauliza kilicho chake ni kipi, akaonyeshwa, akaingia ndani. Hakugomba. Fundi aliposema kwamba hakugomba, nilijua ameumia.

Siku zile nasi tulikuwa tumepata stima Matete. Mita yangu, taa yangu, pasi yangu. Nilipiga pasi kila siku nilivyotaka. Mume wangu alikuwa mtu wa safari, na jioni nyingi niliketi chini ya balbu nikishona vifungo, na hakuna aliyesimama nje kuniuliza taa yangu inaangalia nani. Nyakati nyingine nilizima nikaketi gizani, kwa sababu tu ya kutamani kusikia mtu akinijibu kutoka chumba cha pili. Nilitamani harufu ya nguo zilizochanganyika, nguo za watu wengi, zikinyunyiziwa maji. Ninaitamani hata sasa. Nimeishi vizuri, nashukuru Mungu, lakini sijawahi tena kuishi na watu wanaojua kola yangu imechakaa.

Kisha ukaja ule ukame wa mwisho wa miaka ya tisini. Mabwawa ya kuzalisha stima, huko mbali tusikokujua, yakapungua maji, na nchi nzima ikaingia katika mgao. Leo mtaa huu gizani, kesho mtaa ule. Watu walinung'unika kila mahali. Mimi nilikuwa nimekwenda Kakamega kuchukua robota la mitumba, mtoto wangu nikiwa nimemwachia jirani, nikachelewa sokoni, nikaamua kulala kwa Mama Ploti.

Jua lilikuwa linashuka nilipoingia langoni. Milango yote ilikuwa imefungwa. Nyuma ya kila mlango palikuwa na televisheni yake, zote zikisema mambo tofauti kwa wakati mmoja. Sikumtambua mtu hata mmoja kati ya wawili waliopita kwenda bombani, nao walinisalimu bila kusimama.

Mama Ploti alikuwa barazani, amekonda, fimbo ikiwa imeegeshwa magotini. Nilichoshangaa ni kwamba alikuwa amevaa vizuri, kilemba cha kanisani na sweta jipya. Mabenchi yalikuwa yametolewa nje na kupangwa duara. Jiko la makaa lilikuwa limekolea, na juu yake sufuria kubwa la chai, chai ya watu wengi.

"Mukhana!" Akanivuta nikaketi kando yake, akanishika mkono asiuachie. "Umekuja siku nzuri. Leo ni zamu yetu."

"Zamu ya nini, Mama?"

"Giza," akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Walisema kwa redio. Leo wanakatia Shirere. Jua likizama tu."

Nikamtazama. Mwanamke huyu aliyekuwa akiihesabia stima kila pumzi, aliyekimbia mvuani ili kisahani kisikimbie, alikuwa ameketi akiingoja ikatike kama mtu anayengojea harusi.

"Wanakuwanga watu wazuri sana," akaninong'oneza, akiielekeza fimbo kwenye ile milango iliyofungwa. "Huyo wa kona ni mwalimu wa nasari, sauti yake ni tamu. Yule ana watoto wawili. Mimi sikuwa nawajua. Hii giza ndiyo ilituonyesha."

Jua likazama. Tulikaa, sisi wawili na mabenchi yetu. Televisheni ziliendelea. Nikahisi kiganja chake kinatoa jasho ndani ya changu, nikaelewa kwamba anaogopa wasije wakabadilisha zamu. Mimi niliye na mtoto nyumbani, niliyechoka na mishumaa na nguo zilizokunjamana kibandani, nikaomba kimoyomoyo ikatwe.

Ikakatwa. Televisheni zote zikanyamaza kwa pamoja, na kutoka vyumbani ikasikika "Aa!" moja ndefu ya watu waliochukizwa.

"Ngoja tu," Mama Ploti akasema. "Ngoja."

Mlango mmoja ukafunguka. Kisha wa pili. Watoto wakatangulia mbio, wakitafuta nafasi karibu na jiko. Akaja mama yao na mtoto mchanga mgongoni, akaja kijana mmoja na stuli yake, akaja mwalimu wa nasari akiwa ameshika mshumaa ulioinama. Walilalamika huku wakiketi. Mwingine alisema kazi yake imeharibika, mwingine kwamba hajamaliza kupiga pasi. Mama Ploti aliwapa pole kila mmoja kwa jina lake, akagawa vikombe, akawauliza habari za kazini, za homa ya mtoto, za dada aliyekuwa anatafuta shule. Walimjibu kwa kirefu. Kijana mwenye stuli akahama akaketi karibu zaidi ili amsikie. Nikaona sauti yake nyembamba ikipata nguvu kadiri duara lilivyojaa.

Chai ilipokwisha kumiminwa, akamwomba mwalimu wa nasari atuombee. Tukainamisha vichwa. Mwalimu alishukuru kwa siku na kwa chai na kwa huyu mama yetu. Kisha akamwomba Mungu alete mvua, ayajaze mabwawa yote, stima irudi, tutoke katika giza hili upesi.

"Amina," wakasema wote, hata watoto.

Nilikuwa nimeketi bega kwa bega na Mama Ploti, mtu wa kanisa tangu ujana wake, na mkono wake bado ulikuwa ndani ya mkono wangu. Nikaingoja amina yake. Haikuja. Yangu nayo nikaimeza.